Warsaw: Uwanja Wenye Majina Mengi na Kaburi Lisilo na Jina

Nilipotea. Niseme ukweli tangu mwanzo nisije nikajifanya msafiri mzoefu. Ilikuwa Mei 2023, Jumapili asubuhi, niko katikati ya jiji la Warsaw, simu imezima chaji, mkononi nina ramani ya karatasi niliyopewa hotelini. Natafuta uwanja unaoitwa Plac Piłsudskiego. Nikamsimamisha kijana mmoja nikamwambia "Pilsudski". Akanitazama. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, kama vile tunavyowafanyia wageni nyumbani, ukidhani mtu asiyekuelewa ni kiziwi. Wapi! Mwishowe nikamwonyesha ramani, akacheka: "Aaa, Piwsutski!" Kumbe ile herufi l yenye kimstari kinachoikata katikati siyo l hata kidogo. Inatamkwa kama w yetu. Weka akilini herufi hiyo, nitairudia, maana ndiyo iliyoniumbua.

Nilikuwa Warsaw kwa mafunzo ya wiki mbili ya waandishi vijana, na Jumapili ile ndiyo siku pekee tuliyoachiwa. Wenzangu walikwenda madukani. Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kwenda kwenye uwanja ule. Nayo nitaieleza, subiri kidogo.

Haya, nikafika. Nikasema moyoni: ndio huu? Nilitegemea uwanja wa Ulaya wa kwenye kalenda, wenye njiwa, meza za kahawa na nyumba za rangi rangi zilizobanana. Wa namna hiyo upo Warsaw, uko Mji Mkongwe, si mbali kwa miguu. Huu wa Piłsudski ni uwazi tu. Eneo kubwa la mawe ambalo upepo unapita unavyotaka. Upande wa kusini kuna hoteli kubwa ya mwaka 1976. Kaskazini kuna jengo la ofisi alilolichora Mwingereza Norman Foster, lililokamilika 2003. Magharibi kuna bustani yenye miti mirefu, na mbele ya bustani hiyo, peke yake kabisa, kuna kipande cha jengo: matao matatu ya mawe, na juu yake vipande vya nguzo vilivyoishia hewani. Ukikiona kwa mbali unadhani fundi alianza kujenga akaishiwa saruji.

Kumbe ni kinyume chake. Hicho ndicho kilichobaki.

Chini ya matao kuna kaburi, moto usiozimwa, na askari wawili wamesimama wima bila kupepesa macho. Pembeni kulikuwa na uzio, na ndani yake watu wa mambo ya kale walikuwa wamechimba, misingi ya matofali ikiwa wazi juani. Karibu nami alisimama mama mmoja wa makamo ya mama yangu mkubwa, kofia ya kufuma kichwani ingawa ilikuwa Mei. Nikamsalimu kwa Kiingereza nikamwita Mama. Akauliza kwa nini namwita hivyo. Nikamweleza kwamba kwetu mwanamke wa rika la mzazi wako humwiti kwa jina. Akasema kwao nao humwiti mgeni kwa jina, unasema "Pani". Ila akaniruhusu niendelee na Mama, kwa sababu neno hilo kwa Kipolandi ni lilelile. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza kabla ya kustaafu, na walimu, unawajua, hawaachi kufundisha.

Nikamuuliza: hapa panaitwaje hasa? Maana kwenye kitabu kimoja nilisoma jina hili na kwenye kingine jina lile. Akajibu: inategemea unamuuliza nani, na alizaliwa lini.

Ngoja niwapitishe haraka kwenye majina hayo, nikichanganya aliyonisimulia na niliyosoma baadaye.

Mwanzo palikuwa na jumba la kifahari lililojengwa karne ya 17 na Jan Andrzej Morsztyn, mtunza hazina wa taifa ambaye pia alikuwa mshairi. Mwaka 1713 likanunuliwa na Mfalme Augustus wa Pili, ambaye alikuwa mfalme wa Poland na wakati huohuo mtawala wa Saksonia kule Ujerumani. Basi jumba likaitwa la Kisaksoni, bustani ya Kisaksoni, na uwanja nao wa Kisaksoni, Plac Saski. Mwaka 1727 mfalme akaifungua bustani kwa wananchi wote. Hilo nampa sifa, maana wafalme wengi wa zama zile bustani walikuwa wanaijengea ukuta.

Mwisho wa karne ya 18 Poland ikatoweka. Sisemi kwa mafumbo, ilifutwa kwenye ramani. Urusi, Prussia na Austria waligawana nchi nzima kwa awamu tatu, ya mwisho mwaka 1795, na haikurudi hadi 1918. Miaka 123! Warsaw ikaishia kuwa chini ya mfalme wa Urusi. Humo ndani ya jumba, kwa miaka kadhaa, iliishi familia ya mwalimu mmoja wa Kifaransa aliyefundisha kwenye shule iliyokuwa imewekwa pale. Mtoto wake alikuwa anaanza kugusa piano. Jina lake Fryderyk Chopin. Waongozaji watalii wanapenda sana sehemu hii, mimi naipita.

Wapolandi waliasi mwaka 1830. Walishindwa. Na mwaka 1841 mfalme wa Urusi akasimamisha mnara hapo uwanjani. Mnara wa kina nani? Wa maofisa wa Kipolandi waliouawa na waasi usiku wa kuanza uasi kwa sababu walibaki waaminifu kwake. Hebu fikiria kila asubuhi unakwenda sokoni unapita chini ya mnara unaokwambia: hawa ndio Wapolandi wema.

Lakini mnara ulikuwa mdogo. Mwaka 1894 waliuhamisha ili kupisha kitu kikubwa zaidi, kanisa kuu la Kiorthodoksi la Alexander Nevsky. Lilikamilika mwaka 1912. Mnara wake wa kengele ulikuwa na mita 70. Jiji la Wakatoliki na Wayahudi, kanisa refu namna hiyo ni la Warusi! Lilijengwa ili lionekane, na lilionekana. Miaka mitatu baadaye, vita ikiendelea, Warusi walikimbia jiji.

Nchi iliporudi mwaka 1918, ukazuka mjadala: hili kanisa tulifanyeje? Wapo waliosema libaki. Seneta mmoja Mworthodoksi, Wiaczesław Bogdanowicz, alisimama bungeni kulitetea. Hakusikilizwa. Kufikia mwaka 1926 lilikuwa limebomolewa lote kwa baruti, kanisa ambalo halijafikisha hata miaka 15. Baadhi ya michoro yake ya vijiwe vya rangi iko leo katika makanisa mengine, mingine imeishia Belarus. Na nguzo zake chache zilipelekwa Kraków, zikabeba paa dogo la mlango wa kaburi la Józef Piłsudski mwenyewe, aliyefariki 1935. Mtu ambaye maisha yake yote aliipinga Urusi analala nyuma ya nguzo za kanisa la Urusi.

Nilimuuliza Mama: mlifanya vizuri kulibomoa? Akasema swali hilo mume wake, marehemu, alikuwa akimjibu mtu kwa saa nzima, na yeye alikuwa anaondoka mezani kwenda kuosha vyombo.

Mwaka 1923 mahali pale pakaletwa sanamu ya Mwanamfalme Józef Poniatowski juu ya farasi, kazi ya Thorvaldsen, mchongaji wa Denmaki. Sanamu hiyo ilichongwa kwa ajili ya Warsaw, Mrusi akaikataza, ikachukuliwa na jenerali wake ikapambe shamba lake huko Gomel, ambako leo ni Belarus. Ikarudishwa baada ya karibu karne nzima. Wajerumani wakaiharibu 1944. Wadenmaki wakatoa nakala mpya. Leo iko barabara ya jirani, mbele ya Ikulu. Sanamu zina mikosi yake.

Sasa tunafika kwa askari.

Mwaka 1925 Poland, kama nchi nyingine zilizotoka vitani, iliamua kumzika askari mmoja asiyejulikana kwa niaba ya wote. Yakaorodheshwa medani 15 za vita, ikapigwa kura, ikaangukia Lwów. Makaburini kule Lwów yakafukuliwa majeneza matatu ya watu wasiotambulika. Wakamwita mama mmoja achague. Jina lake Jadwiga Zarugiewiczowa, mwenye asili ya Armenia, ambaye mwanawe aliuawa mwaka 1920 huko Zadwórze na mwili wake haukutambuliwa. Yule mama akachagua jeneza moja. Akafuatana nalo hadi Warsaw kwa treni, na tarehe 2 Novemba 1925 likazikwa chini ya matao ya Jumba la Kisaksoni.

Nimeisimulia haraka lakini pale nilisimama nayo muda mrefu. Mama hajui mwanawe yuko wapi, anawekewa majeneza matatu, anaambiwa chagua. Unachaguaje? Unagusa mbao? Na ukishachagua lile la kulia, utalala vipi usiku ukifikiria la kushoto?

Tuendelee. Mwaka 1928 uwanja ukapewa jina la Piłsudski. Yaani akiwa hai, tena akiwa ndiye mwenye nchi, maana alikuwa ameipindua serikali miaka miwili kabla. Wasomaji wa Afrika hamhitaji niwafafanulie jambo hilo. Ndani ya jumba yalikuwamo makao makuu ya jeshi, na humohumo, mwisho wa mwaka 1932, mtaalamu wa hesabu Marian Rejewski alifumbua siri ya Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuandika ujumbe wa mafumbo. Waingereza wamejipatia filamu nyingi kwa habari hiyo. Mama alinitajia Rejewski na wenzake wawili, Różycki na Zygalski, akanitazama niandike. Niliandika.

Septemba 1939 Wajerumani wakaivamia nchi kutoka magharibi, na tarehe 17 mwezi huohuo Wasovieti wakaingia kutoka mashariki. Uwanja ukapata jina la tatu: Adolf-Hitler-Platz. Agosti 1944 wananchi wa Warsaw waliasi, wakapigana siku 63, wakashindwa. Baada ya hapo Wajerumani waliwafukuza watu waliobaki na kuanza kuliangamiza jiji kwa mpango, mtaa kwa mtaa. Mwishoni mwa Desemba 1944, zikiwa zimebaki wiki chache tu wakimbie wenyewe, walilipua Jumba la Kisaksoni. Hakukuwa na mapigano. Palikuwa na baruti na ratiba.

Likaanguka lote isipokuwa kile kipande. Yale matao matatu juu ya kaburi.

Mwaka 1946 ukawa Uwanja wa Ushindi, Plac Zwycięstwa. Ushindi wa nani, hilo halikuulizwa kwa sauti. Wakomunisti walilitengeneza kaburi na kulifungua tena mwezi Mei mwaka huo, lakini yale mabamba yenye orodha ya medani za vita waliyapitia kwa kalamu nyekundu. Vita ya 1920 dhidi ya Wasovieti ikaondolewa. Zikaingizwa nyingine zilizokubalika. Yaani hata marehemu walihaririwa! Mabamba mengine mapya yakawekwa 1990.

Nilipomwambia Mama kwamba mimi ni mwandishi wa habari, aliniuliza kama ninaijua hadithi ya televisheni ya 1979. Sikuijua. Tarehe 2 Juni mwaka huo Papa Yohane Paulo wa Pili, huyuhuyu aliyekuja kwetu Tanzania Septemba 1990, aliongoza misa hapo uwanjani. Mpolandi wa kwanza kuwa Papa, amerudi nyumbani, nyumbani kunatawaliwa na chama kisichomtaka Mungu. Walifurika watu mamia ya maelfu. Yeye alikuwa na miaka 20, alikuja kwa miguu na dada yake tangu usiku. Akaomba Roho ashuke aufanye upya uso wa dunia, halafu akaongeza: wa nchi hii. Mama anasema alipotamka maneno hayo ya mwisho mtu wa pembeni yake alimshika mkono, mtu asiyemjua, na hawakuachana hadi mwisho.

Jioni wakarudi nyumbani, bibi yao alikuwa ameangalia kwenye televisheni. Akawauliza: kwani mlikwenda wangapi? Kamera zilikuwa zimeelekezwa zimwonyeshe Papa, watawa, vikongwe na makasisi. Umati usionekane. Vijana wasionekane. Bibi aliona misa ya wazee wachache. Mama akaniambia: sikujua kama nchi yangu ni ya uongo kiasi hicho hadi nilipokuwa mahali fulani, kisha nikaona mahali hapohapo kwenye kioo.

Nilikaa kimya. Kazi yangu ndiyo hiyo, kuelekeza kamera.

Mei 1981 hapo uwanjani ndipo palipofanyika ibada ya mazishi ya Kardinali Stefan Wyszyński, na baadaye watu wakaanza kuweka maua chini, wakiyapanga yafanye msalaba mkubwa. Desemba mwaka ule serikali ikatangaza utawala wa kijeshi. Maua yakaendelea. Usiku yanafagiliwa, asubuhi yapo. Yanafagiliwa, yapo. Mwaka 1982 serikali ikauzungushia uwanja uzio ikisema unafanyiwa ukarabati. Mama alicheka alipofika hapo. "Ukarabati wa maua," alisema. Yeye mwenyewe alipeleka mara nne. Mara ya nne alikuwa mjamzito na mume wake alimkataza asiende, akaenda akasema amekwenda kununua maziwa.

Mwaka 1989 utawala ule ukaanguka kwa kura, na 1990 uwanja ukarudishiwa jina la Piłsudski. Ungedhani hadithi imeisha. Aprili 2010 ndege iliyombeba Rais Lech Kaczyński ilianguka Smolensk, Urusi, wakafa watu wote 96, na maombolezo ya taifa yakafanyika hapo. Watu walisimama pamoja. Lakini mwaka 2017 serikali kuu iliuchukua uwanja kutoka mikononi mwa jiji, na mwaka uliofuata, jiji likiwa linapinga, ikajengwa ngazi ya mawe meusi kuwakumbuka waliokufa, na baadaye sanamu ya Kaczyński. Ngazi ile nilipanda kwa macho tu. Polisi walikuwa wamesimama karibu. Kila tarehe 10 ya mwezi ndugu wa chama kimoja walikuwa wakija na mashada, na wapinzani wao nao wakija na shada lao lenye maandishi ya kuwaudhi, na ugomvi unaanza. Juu ya msiba!

Na lile shimo la watu wa mambo ya kale? Mwaka 2021 ilipitishwa sheria ya kulijenga upya Jumba la Kisaksoni, kama lilivyokuwa. Lilishajaribiwa kabla: walichimba wakaikuta misingi, wakaifukia tena kwa mchanga mwaka 2008. Safari hii wana sheria. Kijana mmoja mwanafunzi aliyesimama karibu alijiingiza kwenye mazungumzo yetu. Akasema Mji Mkongwe wote ulijengwa upya baada ya vita na dunia nzima inausifu, kwa nini jumba hili liachwe likiwa limeanguka? Hitler aamue sura ya jiji lake hadi lini? Hoja yake ina nguvu, siibezi. Mama akamjibu kwa Kipolandi, kisha akanitafsiria: jumba la mfalme silijui, bibi yangu ndiye alilijua. Mimi nimeujua uwanja.

Ukiniuliza mimi, niko upande wa Mama. Yale matao yakimezwa na ukuta mpya yatakuwa mlango wa jengo, na mtu kama mimi atapita akidhani hapakuwahi kutokea kitu. Lakini mimi ni mpita njia. Sikumzika mtu Warsaw.

Hapo ndipo nikamweleza sababu yangu ya kwenda pale.

Wengi mnajua, na wengi hamjui, kwamba pale Tengeru, kilomita chache kutoka Arusha, kuna makaburi ya Wapolandi. Wakati wa vita kuu ya pili palikuwa na kambi yao ya watu kama 5,000, wengi wanawake na watoto. Walikuwa wametolewa kwa nguvu na Wasovieti mashariki mwa Poland mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan, kisha wakapitia Iran, ndipo Waingereza wakawaleta Afrika Mashariki. Tengeru ilikuwa kambi kubwa kuliko zote, ingawa zilikuwepo nyingine Ifunda, Kidugala, na Uganda kule Masindi na Koja. Vita ilipokwisha hawakuwa na pa kurudi: mikoa waliyotoka, na Lwów ikiwemo, ilikuwa imechukuliwa na Muungano wa Kisovieti. Leo Lwów inaitwa Lviv, iko Ukraine. Walitawanyika dunia nzima. Karibu 150 walibaki pale chini ya ardhi yetu.

Miaka michache nyuma niliandika makala kuhusu makaburi hayo kwenye gazeti moja. Mhariri aliikata ikabaki robo, akisema Wazungu waliokufa zamani nani atawasoma. Sawa. Lakini kosa nililolifanya mimi si la mhariri. Nilinakili majina kutoka kwenye mawe kwa haraka, jua kali, gari linanisubiri. Vile vimstari na vinukta vya herufi zao niliviona ni mapambo. Ile ł mahali pengine niliisoma l, mahali pengine t.

Mwaka uliofuata nikapata barua pepe kutoka kwa mzee mmoja wa mji wa Wrocław. Aliikuta makala kwenye intaneti kwa bahati, akatambua jiwe kwenye picha. Ni la mdogo wake bibi yake, aliyekufa Tengeru akiwa mtoto. Familia yao ni ya Lwów. Alikuwa ametafuta jina hilo kwa miaka, akaniambia kwa upole sana kwamba jina nililoliandika mimi halipo kwa Kipolandi. Hakuna mtu duniani anayeitwa hivyo. Aliomba nirekebishe. Nikapeleka masahihisho gazetini, nikajibiwa habari ni ya zamani, tusichoshe wasomaji. Nikaona aibu, sikumjibu yule mzee kwa miezi miwili. Nilipomjibu na kumwambia nitakwenda Warsaw, aliandika mistari miwili tu: nenda kwenye kaburi la askari, yule ametoka kwetu.

Basi ndiyo niliyokuja kufanya. Nilimwonyesha Mama daftari. Nilikuwa nimenakili upya majina yote yaliyosomeka kwenye picha zangu, lakini sikuwa na imani na macho yangu tena. Tukakaa kwenye benchi bustanini, mahali ambapo matao unayaona kwa nyuma. Akavaa miwani. Akatoa penseli kwenye mkoba, akaichonga kwa kisu kidogo kama alivyokuwa akifanya darasani nadhani, akaanza na la kwanza. Kila jina alilitamka, akanitaka nilitamke, kisha ndipo akaliandika. Nikikosea ananirudisha. Kulikuwa na jina moja la mtoto wa miaka miwili tulilolirudia mara sita, kwa sababu lina herufi tatu zinazofuatana ambazo mdomo wangu hauna mahali pa kuziweka.

Kila saa walinzi pale kaburini hubadilishana. Tuliwasikia mara mbili, viatu juu ya mawe. Baada ya mara ya pili tulikuwa jina la 64 na basi lake lilikuwa limekaribia. Akaangalia saa, akaangalia daftari, akaniambia kwamba siku za Jumapili mabasi ni mengi, na akageuza ukurasa.